Saa ya Mapumziko ni Yako au ya Ofisi?

Mikataba mingi ya ajira inayopita mikononi mwangu, wangu ukiwemo, ina mstari mmoja unaofanana: kazi itaanza saa 2 asubuhi na kumalizika saa 11 jioni, ikiwa na saa moja ya mapumziko isiyolipwa. Ofisini mstari huo haukumsumbua mtu. Ikifika saa 7 mchana watu walinyanyuka, wakatoka getini, wakaenda kwa mama ntilie, na aliyebaki mezani alibaki kwa hiari yake. Sisi tunaofanyia kazi nyumbani hatuna geti la kutokea. Kompyuta iko sebuleni, simu iko mkononi, gurupu la WhatsApp la idara halilali, na ile saa isiyolipwa inamegwa dakika tatu hapa, dakika saba pale, mpaka inakwisha. Kwenye rejesta ya mahudhurio inaendelea kusomeka kwamba ulipumzika.

Naandika kwa urefu kwa sababu watu wengi wanaumizwa na jambo hili huku wakiamini kwamba ndivyo sheria ilivyo. Sivyo ilivyo.

Naishi Kigoma mjini, Mwanga, na nafanya kazi ya uhasibu kwa kampuni yenye ofisi zake Dar es Salaam. Binamu yangu wa Kasulu naye amepata kazi ya kuhudumia wateja kwa simu akiwa nyumbani. Jioni moja akanipigia. Baada ya kuulizana hali ya watoto na ya shamba akasema, "Dada, hivi sisi watu wa mshahara wa mwezi tuna ovataimu kweli? Bosi anasema ovataimu ni ya vibarua. Eti akishanilipa mwezi, amenilipa wote."

Kauli hiyo ya "nimeshakulipa mwezi wote" ndiyo mzizi wa fitina. Imesemwa mara nyingi mno mpaka imekuwa kama sheria, na wanaoisema si wote wana nia mbaya. Wengine waliambiwa hivyo walipoanza kazi, nao wanarithisha. Lakini mshahara wa mwezi ni utaratibu wa kulipana tu. Mwajiri amenunua saa zilizoandikwa kwenye mkataba. Usiku wako, Jumapili yako na chakula chako cha mchana havikuwemo kwenye biashara hiyo.

Kwa Tanzania Bara, sheria ya kushika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. (Zanzibar wana sheria yao ya ajira, kwa hiyo ndugu wa Unguja na Pemba wasichukue vifungu hivi kama vilivyo.) Nimekipitia kifungu cha 19 na hakuna mahali kinapotenganisha anayelipwa kwa mwezi na anayelipwa kwa siku. Kinaweka ukomo: siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku. Saa za ziada zinaruhusiwa kwa masharti. Ni lazima muwe mmekubaliana, zisizidi 50 katika kila wiki 4, na kila saa ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Hata mkikubaliana, kazi ya siku moja, ya kawaida na ya ziada kwa pamoja, haivuki saa 12.

Wapo wanaoachwa nje ya ulinzi huo, nao ni wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na wanaoripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa ngazi ya juu. Sharti ni yote mawili kwa pamoja, na hakuna linalohusu jina la cheo. Mtu anaweza kuitwa Meneja wa Kanda ya Magharibi na asiwe na hata mfanyakazi mmoja chini yake. Kwa maoni yangu huyo hajatoka nje ya ukomo wa saa 45, na akiambiwa "wewe ni meneja, huna ovataimu", aulize anamsimamia nani.

Sasa tuje kwenye mapumziko yenyewe, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Kifungu cha 23 kinasema mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya dakika zisizopungua 60. Kinasema mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi ndani ya mapumziko hayo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwenzake anayeweza kuifanya. Halafu linakuja suala la pesa: mwajiri halazimiki kulipa muda wa mapumziko, isipokuwa pale mfanyakazi anapotakiwa kufanya kazi, au kuwa tayari kwa kazi, ndani ya muda huo.

Kuwa tayari kwa kazi. Sheria hii ilitungwa mwaka 2004, miaka 5 kabla WhatsApp haijaanza. Sidhani kama waliokuwa wakiiandika walimfikiria mhasibu aliyekaa Mwanga na kompyuta mapajani. Nahisi waliwaza mlinzi wa getini, nesi wa zamu, mtu wa kituo cha mafuta. Lakini maneno waliyoyachagua yanatushika sisi barabara. Msimamizi akikwambia "nenda kale, ila uwe hewani", ameshakutaka uwe tayari kwa kazi. Hata simu isipoita mchana mzima, saa hiyo hukuwa nayo. Huwezi kushuka nayo Kibirizi kununua dagaa, huwezi kupanga foleni benki, huwezi kulala, kwa sababu wakati wowote inaweza kulia na unatakiwa uwe mbele ya kompyuta. Kwa namna ninavyokisoma kifungu hicho, saa ya namna hiyo inalipwa.

Nieleze mchana mmoja ulivyokwenda, ili anayedhani nazungumzia vitu vidogo aone. Nilikuwa nimesonga ugali wa muhogo, kuna mgebuka wa kukaanga na mboga iliyoungwa kwa mawese. Nimenawa, nimemega tonge la kwanza, simu ikaita. Msimamizi wangu: "Dada, samahani, niangalizie tu ile invoisi ya mteja wa Mwanza, dakika mbili." Mkono wa kulia una mawese, nikafungua kompyuta kwa wa kushoto. Invoisi ikafunguka, lakini namba ya mlipakodi haipo. Nikampigia mteja, akasema anamtafuta mtu wa ofisini kwao. Nikasubiri. Akatuma picha iliyokatwa nusu, nikaomba nyingine. Nilipomaliza na kurudi kwenye sahani, ugali ulikuwa umekauka juu na saa inasoma 7:50. Msimamizi akaandika kwenye gurupu, "Asante sana dada, nimepata." Alikuwa mpole tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo sababu jambo hili ni gumu kulisema. Hakuna aliyenifokea, na mapumziko yameshakwenda.

Tufanye hesabu, kwa kuwa wengi hawaifanyi. Ratiba ya kampuni nyingi binafsi ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na Jumamosi saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Ukiangalia saa ya ukutani, siku ya kawaida ina saa 9. Toa ile moja ya mapumziko, zinabaki 8. Mara siku 5 ni 40, ongeza 5 za Jumamosi, jumla 45. Imefika kwenye ukomo wa sheria bila kubakiza hata dakika. (Jumamosi hakuna mapumziko ya lazima, kwa kuwa saa ni 5 kamili na sheria inasema zaidi ya 5. Aliyepanga ratiba hii aliisoma sheria vizuri.) Sasa chukua mtu ambaye kila mchana anatakiwa awe hewani. Saa zake si 45 tena, ni 50. Hizo 5 zilizozidi ni saa za ziada.

Zina thamani gani? Jedwali lililo mwishoni mwa sheria linaelekeza namna ya kupata mshahara wa saa kutoka kwenye mshahara wa mwezi: gawanya mshahara wa msingi kwa 4.333 mara idadi ya saa za kawaida za wiki. Kwa saa 45 kigawanyo hicho ni karibu 195. Tuseme mshahara wa msingi ni sh 780,000. Gawa kwa 195, unapata sh 4,000 kwa saa. Saa ya ziada ni sh 6,000. Saa 5 za wiki ni sh 30,000, na kwa mwezi inakaribia sh 130,000. Hiyo ni moja ya sita ya mshahara. Kwa hapa kwetu hiyo ni kodi ya nyumba ya mtu. Nasisitiza neno msingi, kwa sababu posho ya nyumba, ya usafiri na ya bando haziingii kwenye hesabu hii; ndiyo maana kampuni ikikupa mshahara wa msingi mdogo na posho nene, kila saa yako ya ziada inashuka bei.

Ukienda kutafuta majibu ya maswali haya mtandaoni utakutana na mafuriko ya majibu ya Marekani, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Binamu yangu alikuwa amesoma mahali kwamba mtu wa mshahara hana haki ya ovataimu, akakata tamaa. Jibu hilo lina ukweli wake huko kwao. Sheria yao ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 inataka ovataimu ya mara moja na nusu baada ya saa 40 kwa wiki, lakini inawatoa nje baadhi ya wafanyakazi wa mshahara ambao kazi zao ni za utawala, usimamizi au taaluma, na ambao mshahara wao umefika kiwango fulani, kwa sasa dola 684 kwa wiki. Hata kwao, kulipwa mshahara peke yake hakumtoi mtu. Aina ya kazi inaangaliwa pia. Na serikali yao kuu haimlazimishi mwajiri kumpa mtu mzima mapumziko ya chakula. Baadhi ya majimbo ndiyo yanayolazimisha, California ikiwemo. Kitu kimoja tunafanana: mapumziko ya chakula, ambayo kwao kwa kawaida ni dakika 30, hayalipwi iwapo tu mfanyakazi ameachiliwa kabisa na kazi. Akila huku anapokea simu za ofisi, yuko kazini. Sheria mbili zilizotungwa mbali kabisa moja na nyingine zimefika palepale.

Kuna jambo lao jingine ninalolipenda. Mapumziko mafupi, ya dakika 5 hadi 20, mwajiri akiyaruhusu yanahesabiwa kuwa kazi na yanalipwa. Kifungu chetu cha 23 hakijagusa mapumziko mafupi, kwa hiyo chai ya saa 4 imebaki kuwa suala la mkataba na mazoea. Mazoea ya ofisini yanajulikana: watu wanakunywa chai na andazi, wanazungumza, wanarudi, hakuna anayekata pesa. Aliye nyumbani akinyanyuka kwenda kuchemsha maji, ile alama ya kijani kwenye programu ya ofisi inageuka njano na mtu wa Dar anaanza kuuliza yuko wapi. Naona hilo si haki. Kama chai ya Dar ni kazi, na chai ya Kigoma ni kazi.

Niseme na upande wetu, maana haki hii ina pande mbili. Saa ile ya mchana ikiwa yangu, basi zile 8 zilizobaki ni za mwajiri. Nyumbani watu wanakuona umekaa na wanadhani una nafasi. Mama mkwe wangu, ambaye nampenda na ambaye amenisaidia sana na watoto, ilimchukua muda kuelewa kwamba saa 4 asubuhi siwezi kumsindikiza hospitali ya Maweni bila kuomba ruhusa, ingawa nipo, nimevaa kanga, na mlango uko wazi. Tulikaa tukaelewana. Sasa akiwa na miadi ananiambia mapema, na mimi naomba ruhusa kama ambavyo ningeomba nikiwa ofisini.

Jua nalo lina neno katika ratiba hizi, na sijaona mtu akiliandika. Tanzania nzima tunatumia saa moja, lakini Kigoma iko magharibi kabisa na Dar iko mashariki kabisa, na jua linachukua karibu dakika 40 kutoka kwao mpaka kwetu. Dar jua linafika utosini saa 6 na dakika ishirini na kitu. Kwetu ni karibu saa 7. Kuna jirani wa Ujiji, mtu wa swala tano, anafanyia kazi nyumbani kwa kampuni ya Dar. Mapumziko yake yamepangwa saa 6 hadi saa 7 mchana kwa wafanyakazi wote. Kwa wenzake wa Dar inafaa kabisa: adhana inalia, wanaswali, wanakula. Kwake adhuhuri inaingia wakati mapumziko yanakwisha, na Ijumaa ndiyo kizungumkuti. Sheria haijataja mapumziko yawe saa ngapi. Inachotaka ni mtu asifululize zaidi ya saa 5, na aliyeanza saa 2 asubuhi anatimiza saa 5 ifikapo saa 7 kamili. Kwa hiyo kumwekea huyu mapumziko ya saa 7 hadi saa 8 hakuvunji kifungu chochote na hakugharimu shilingi. Inahitaji tu mpangaji wa ratiba akumbuke kwamba nchi ni pana.

Umeme ni ugomvi mwingine. Kigoma tuliishi kwa jenereta za dizeli miaka na miaka, na gridi ya Taifa ilianza kuufikia mkoa mwaka 2022. Mabadiliko tumeyaona, lakini umeme ungali unakatika, na ukikatika mnara wa simu nao unalegea, intaneti inakuwa ya kubembeleza. Baadhi ya wasimamizi hupenda kusema, "Hizo dakika 50 za umeme kukatika tuzihesabu ndiyo mapumziko yako ya leo." Nalipinga hili kwa nguvu zote. Mapumziko ni muda ambao unajua unaanza lini na unaisha lini, ukaupangia. Umeme ukikatika unakaa palepale, unachungulia taa kila baada ya dakika mbili, umewasha mtandao wa simu kwa bando lako, unasubiri. Huko ni kuwa tayari kwa kazi. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wakati wa mbalamwezi kali hawaingii ziwani, maana taa zao hazivuti dagaa mbele ya mwanga ule. Mwalo mzima unajua, mnunuzi anajua, hakuna anayempigia mvuvi kumuuliza mzigo uko wapi. Pumziko la kweli ni lile linalojulikana na pande zote kabla halijafika.

Usiku sitauzungumza sana, ingawa una mambo yake. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, na kila saa yake ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi; ikiwa ni ya ziada, asilimia hiyo inakokotolewa kwenye kiwango cha ovataimu. Wahasibu wenzangu wanajua maana yake, kwa sababu kila mwezi kuna tarehe 7 ya kodi ya mishahara na tarehe 20 ya VAT, na siku za kuelekea hapo taa zetu hazizimwi. Lakini kinachosahaulika zaidi ni kifungu cha 24: kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho ziwepo saa 12 mfululizo za kupumzika. Ukiitwa usiku ukafanya marejesho mpaka saa 5 usiku, kesho yake kazi yako inaanza saa 5 asubuhi. Ipo nafasi ya kupunguza saa hizo hadi 8, lakini ni kwa makubaliano ya maandishi na katika mazingira maalumu, kwa mfano pale siku ya kazi inapokatwa katikati na mapumziko ya saa 3 au zaidi. Kwa wiki zinatakiwa saa 24 mfululizo za kupumzika, na anayekubali kufanya kazi ndani ya hizo analipwa mara mbili.

Watu wananiuliza, sasa ufanye nini, maana kazi yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi. Mimi nilianza na kaunta buku. Kila simu au ujumbe wa kazi ulioingia saa ya mapumziko niliuandika siku ileile, kwa mstari mmoja tu, hivi: "Jumanne, 7:04 msimamizi kapiga, invoisi ya Mwanza; 7:50 nimemaliza." Sikuongeza malalamiko wala hisia. Ujumbe wa WhatsApp sikuufuta, na ile mipangilio ya ujumbe kujifuta wenyewe niliizima kwangu. Mwajiri anawajibika kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, saa za kazi zikiwemo, na mkifika mbele ya sheria akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo unamwangukia yeye. Hilo ni jambo kubwa kwa mfanyakazi ambaye hajawahi kupewa mkataba. Hata hivyo, mwenye kumbukumbu zake anazungumza kwa utulivu zaidi.

Baada ya hapo niliandika barua pepe. Sikuiita malalamiko, na nawashauri msianze kwa kugombana, kwa sababu wasimamizi wengi hawajui kwamba wanaomba kitu chenye bei. Nilieleza hali, nikaweka nakala ya kurasa za kaunta buku, nikapendekeza simu za idara ziwe za zamu: mwenzetu wa Dodoma ale saa 6 hadi saa 7, mimi nile saa 7 hadi saa 8, na kila mmoja apokee za mwenzake. Msimamizi akanipigia. Akasema, "Dada, mimi sikujua ni nyingi kiasi hiki." Wiki iliyofuata ratiba ikabadilika. Saa 7 mchana nazima sauti ya simu ya ofisi, naifungia kwenye droo, na hakuna kilichoharibika. Invoisi za Mwanza zinaendelea kutoka.

Si kila mtu atapata msimamizi wa hivyo. Mazungumzo yakishindikana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wengi wanaiita CMA, na huko mnaanza na usuluhishi kabla ya hatua nyingine. Angalia kalenda: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ya malipo ikiwemo, ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Mtu anayevumilia mwaka mzima akisubiri "wakati mzuri" anajifungia mlango. Na wale mnaoambiwa kwamba ninyi si waajiriwa bali ni watu wa kujitegemea, wakati mnapangiwa saa za kuingia na kutoka na hamna mteja mwingine, someni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kinaorodhesha dalili za mtu kuchukuliwa kuwa mwajiriwa. Mojawapo ni kumfanyia kazi mtu mmoja kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi, katika miezi 3 iliyopita. Dalili moja inatosha kuanzia, na aliyekuajiri ndiye atakayetakiwa kuonyesha kinyume.

Ufaransa tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutopatikana hewani baada ya kazi. Ningependa tuwe na kitu cha namna hiyo kilichoandikwa waziwazi, lakini sioni sababu ya kukisubiri. Kifungu cha 23 tunacho tayari, na mikataba tunasaini kila siku.

Mkataba wangu ukikaribia kuhuishwa niliomba kipengele hiki kiingizwe, na anayekitaka akichukue kama kilivyo: "Mfanyakazi atakuwa na mapumziko ya dakika 60 mfululizo kuanzia saa 7 mchana. Katika muda huo hatatakiwa kupokea simu, kujibu ujumbe wala kuwa karibu na vifaa vya kazi. Iwapo atatakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi, muda wote wa mapumziko utahesabiwa kuwa saa ya kazi na kulipwa ipasavyo. Kukatika kwa umeme au intaneti hakutahesabiwa kuwa mapumziko." Sentensi mbili za kwanza zilikubaliwa siku ileile. Ya tatu imekubaliwa baada ya afisa utumishi kuipeleka kwa mwanasheria wao na kurudishiwa bila mabadiliko. Ya umeme bado wanaijadili. Wanataka iwe na ukomo wa saa 2 kwa siku, nami nimewaomba waniandikie nani atalipia bando la kusubiria.